Fiziotherapia ya kufuatwa nyumbani baada ya upasuaji wa kiuno, Tanga: hela yangu ilikwenda wapi

Nianze na hukumu, maana najua baadhi yenu mnasoma haya mmelala chali, simu mmeishika juu ya uso, na subira hamna. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, anayekufuata nyumbani, hapa Tanga mjini, kwa shilingi 30,000 kila akija, anastahili hela hiyo katika wiki sita za mwanzo. Baada ya hapo inategemea mguu wako. Nampa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaeleza kwa nini nimeizuia. Vifaa nilivyonunua navyo nitavisema, kwa sababu viwili kati yake sasa hivi viko uvunguni vinakula vumbi.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Madera, sare za shule, magauni ya wasimamizi wa harusi. Cherehani yangu ni Butterfly ya miguu, na ndiyo iliyosomesha watoto, kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ndiyo iliyoniharibu kiuno huwa namtazama tu. Kiuno kilianza zamani. Kilichonipeleka hospitali ni mguu wa kulia: moto unaoanzia takoni, unateremka ubavuni mwa paja na mundi, unaishia juu ya unyayo na kidole gumba. Kisha moto ukapungua, nikashukuru Mungu, kumbe ndiyo mguu unalala. Ndala ikawa inanivuka njiani sina habari, mpaka watoto wa shule wanikimbilie nayo: "Bibi, kiatu chako!"

Kipimo cha MRI kikaonyesha diski, ule mto laini ulio kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, imechomoza na kuibana neva. Kiuno kina pingili tano, na diski mbili za chini ndizo zinazosumbua watu wengi zaidi, kwa hiyo usijione umechaguliwa peke yako. Sisi wa Tanga mgongo ukifika hatua hiyo mara nyingi rufaa huwa ni Dar, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au hospitali ya KCMC Moshi. Mimi nilipasuliwa Dar. Hospitali siitaji kwa jina, siyo ninayoitathmini. Nasema jambo moja tu: kesho yake asubuhi nesi na kijana wa mazoezi walinisimamisha. Dada yangu aliyekuwa ananiuguza aliwajia juu. Mtu kapasuliwa jana, mnamsimamishaje leo? Yule kijana akamjibu kwa adabu kwamba cha kuogopa zaidi ni kulala: damu ikituama mguuni huganda, na kipande kikikatika husafiri hadi mapafuni. Nikasimama. Nikafika mlangoni nikarudi, jasho linanitiririka, dada ananisomea dua kwa sauti.

Basi msaada wa hospitali ukaishia hapohapo. Karatasi ya kutokea iliandikwa "afanye mazoezi". Mazoezi gani, mara ngapi, akianza lini, hakuna. Nikakaa kwa dada Temeke mpaka nyuzi zilipotolewa, kisha mpwa wangu akanirudisha Tanga kwa gari dogo, kiti kimelazwa nyuma. Ni kama kilomita 350 kwa njia ya Chalinze na Segera, na kila tuliposimama, Chalinze, Mkata, Segera, nilishuka nikazunguka gari. Ukisafiri usione haya. Wauza matunda watakucheka kidogo, watakusahau.

Huyu mtaalamu nilielekezwa na mteja wangu. Ni binti, amesomea KCMC, mchana yuko kazini, jioni anapita majumbani kwa baiskeli, yaani Mtanga kamili. Jina lake silitoi kwa kuwa sikumwomba ruhusa.

Siku aliyokuja mara ya kwanza nilishajiandaa. Nimejilaza kifudifudi, dera nimelipandisha, nasubiri kushikwa kiuno. Akaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu, mgonjwa ndiye huyu."

"Asante. Naomba unionyeshe choo."

Nikadhani amebanwa. Kumbe anataka kuona choo ninachotumia mimi. Akasimama mlangoni akalitazama sinki, letu la kuchuchumaa la siku zote, akauliza: "Na unafanyaje?" Nikamweleza. Nilikuwa nashuka kwa kushikilia ndoo ya maji, na kupanda ni mpaka niite mtu. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kuchuchumaa mpaka chini kunakunja kiuno chote, na jeraha la ndani, pale diski ilipopunguzwa, bado bichi hata kama kovu la nje limefunga. Halafu akauliza swali ambalo daktari wa Dar hakuniuliza: "Mama, choo unakipata?" Sikuwa nakipata. Vidonge vikali vya maumivu hufunga tumbo, na mwenye tumbo lililofunga hujikamua, na kujikamua ndiko kunakopandisha nguvu yote kiunoni. Akaniagiza maji mengi, papai na mboga za majani, na nikienda kwa daktari niulize kama vile vidonge naweza kuvipunguza.

Seremala wa jirani akanichongea kiti cha mbao chenye tundu, kirefu cha kutosha goti lisipande juu ya nyonga, cha kuweka juu ya sinki. Shilingi 35,000. Katika kila nilichonunua hiki ndicho nambari moja, na ningekuwa na hela ya kununua kitu kimoja tu ningenunua hiki, hata kabla ya dawa ya kuchua. Ukutani tukapigilia bomba la kushikia. Maduka ya vifaa vya hospitali yana viti vya chuma vya kazi hiyohiyo, bei yake ni maradufu, na miguu yake kwenye sakafu yetu ya saruji yenye maji inateleza.

Kutoka choo akaenda kitandani. Kitanda changu kilikuwa kifupi, nikikaa pembeni magoti yananifikia kifuani. Wajukuu wakatumwa matofali, moja chini ya kila mguu wa kitanda. Kutoka hapo jikoni. Jiko la mkaa liko chini, akasema lipande juu ya meza au nikae kabisa nisipike. Kisha akaiona mbuzi ya nazi. Sijui kama mmewahi kufikiri, mimi sikuwahi: kwenye mbuzi umekaa chini, umekunja kiuno, umeinama mbele, na bega linazunguka huku na huku. Mambo matatu ambayo umekatazwa wiki za mwanzo ni kuinama, kunyanyua na kujipinda, na mbuzi ya nazi peke yake inakupa mawili na nusu. Ikawekwa juu ya kabati. Nyumba ya Tanga bila kukuna nazi, mume wangu alidhani ndiyo msiba wenyewe, mpaka alipofundishwa kukuna yeye.

Mwisho akaomba kuona cherehani. Nitairudia.

Ile siku hakunigusa kiuno hata kidogo. Alichonifundisha ni kutoka kitandani, na kama umelipa 30,000 ukaondoka na hicho tu, hujaibiwa. Nilikuwa nainuka kwa kuvuta mkono wa mtu, kiwiliwili kinatangulia, na kila asubuhi naona nyota. Yeye: kunja magoti yote mawili, mkono mmoja upitishe mbele, sasa jigeuze mzima mzima kama mkeka uliokunjwa, bega na nyonga viende pamoja. Ukishalala ubavu, teremsha miguu nje ya kitanda na wakati huohuo jisukume kwa kiwiko na kiganja. Miguu ikishuka inakunyanyua yenyewe. Kulala ni hayohayo kinyumenyume. Tulirudia mpaka nikachoka, akasema tena. Kisha akamwita mume wangu na mjukuu mkubwa, akawaonyesha wanapopaswa kusimama na mahali pa kutonishika: si kwapani, si mkono. Wapate adabu ya kungoja nijiinue.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hili halifundishwi wodini kwa kila mtu. Labda linafundishwa wakati mgonjwa bado ana dawa ya usingizi kichwani.

Mazoezi yenyewe ya wiki za mwanzo yanachosha kwa udogo wake. Unategemea jasho, unapewa kuvuta kitovu ndani taratibu huku unapumua kawaida. Kuburuta visigino kitandani, mguu mmoja uteleze kuja na kurudi. Kukaza matako. Kupandisha na kushusha nyayo kila unapokumbuka, ili damu itembee. Na kutembea. Kutembea ndiyo dawa kubwa, ila kwa vipande: safari fupi nyingi, siyo moja ndefu ya kujionyesha. Kukaa kuliwekewa mpaka, nusu saa haifiki, kisha unasimama au unalala.

Hapa barabara za Ngamiani zilinisaidia kuliko simu yoyote ya kuhesabu hatua. Naishi Barabara ya 10. Mtaa ni tambarare, na kila ukivuka unajua umefika ngapi. Mara ya kwanza niliishia kona. Baadaye ya 11, nikanunua maandazi nikarudi. Ya 12 ilikuwa mtihani kwa sababu kuna shoga yangu pale anayetaka nikae, na viti vyake ni vile vya sofa vya kuzama. Nilisimama barazani kwake tukaongea nikiwa nimeegemea nguzo, akaona nina maringo. Mwezi ulipokatika nilikuwa nafika ya 14 na kurudi bila fremu ya kutembelea.

Sasa mguu. Wenye maumivu tu bila udhaifu mnaweza kuruka hapa, ila mimi hapa ndipo nilipoona tofauti ya mtu aliyesoma na mtu mwenye mashine.

Unyayo wangu wa kulia haukuwa unapanda. Nikitembea unaburuta, au naunyanyua goti juu sana ili kidole kisikwame. Mtaalamu akanibonyeza mbele ya mundi, chini kidogo ya goti, akasema msuli unaopandisha unyayo uko hapa, na neva inayouamrisha inatoka palepale kiunoni palipobanwa. Nikauliza utarudi lini. Akasema sehemu ya neva iliyobanwa tu huamka mapema, sehemu iliyokufa nyuzi zake hulazimika kukua upya, na hukua takriban milimita moja kwa siku. Mimi ni fundi. Nikachukua futi yangu ya kushonea nikapima kutoka kiunoni, juu ya tako, hadi pale aliponibonyeza: sentimita 70. Nikapiga hesabu. Siku 700! Nikamwambia mwanangu, hiyo ni karibu miaka miwili, mimi nina sare za Januari. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hesabu ni sahihi lakini ni ya neva iliyokatika kabisa, yangu ilikuwa bado inatikisa vidole, kwa hiyo nisiifunge kwenye futi. Tutaona mwezi hadi mwezi.

Kazi aliyonipa ni ya kanga. Unakaa kwenye kiti, unapitisha kanga chini ya vidole vya mguu, unavuta unyayo upande juu, kisha unalegeza kanga na kujaribu kuushikilia hapohapo juu kwa nguvu yake wenyewe. Mwanzoni ulikuwa unaanguka palepale. Unarudia. Kanga haina gharama, na jina lililoandikwa kwenye yangu lilikuwa la kusuta jirani, tukawa tunacheka nalo.

Akaniambia pia kwamba kuna mkanda maalumu wa kunyanyua mbele ya kiatu, huagizwa, bei yake ikanitoa macho. Nikamwomba picha. Ni kitu chepesi: bangili ya kitambaa juu ya kifundo, na lastiki inayoshuka hadi kwenye kamba za kiatu. Nikamwambia huu nashona mwenyewe. Kukaa kwenye cherehani ilikuwa mwiko bado, kwa hiyo nilishona kwa mkono nimesimama kwenye meza ya kukatia: lastiki pana ya sketi, mabaki ya sponji ndani ili isichubue, na ule utepe unaonata wenyewe wa kwenye mabegi ya shule. Akaukagua, akaniambia niangalie ngozi kila jioni kwa kuwa pale pana ganzi na kidonda kinaweza kuanza bila kuhisi. Akapiga marufuku ndala. Raba zenye kisigino kilichofungwa tu. Mkanda ule umenivusha vizuri, na tangu hapo ameniletea wateja wawili wa kiharusi wanaotaka kama huo. Kwa hiyo kwenye hesabu ya mwisho kuna hela imerudi.

Kulikuwa na kipindi katikati nilimwacha, kwa maneno ya watu. Kuna sehemu mjini, sitaitaja, yenye mashine. Shilingi 25,000 kwa nusu saa, yaani kwa dakika ni ghali kuliko binti wangu anayekaa saa nzima na zaidi. Unalazwa, unawekewa taa nyekundu, kisha vipande vya umeme vinavyotekenya, kisha kitanda kinachotikisika. Mhudumu akawasha akatoka kwenda kuongea na simu. Sikatai, joto ni tamu, nililala usingizi. Lakini hakuna aliyenitazama ninavyotembea. Na taa waliielekeza mpaka mguuni, kwenye ngozi yenye ganzi, bila kunijaribu kwanza kama nahisi moto na baridi. Nilipomsimulia mtaalamu wangu alinyamaza muda mrefu, halafu akaniomba nimwonyeshe ngozi. Haikuungua, bahati. Nikiwapa nyota ni moja, kwa ajili ya feni.

Na mashangazi. Kila nyumba inao. Wangu walikuja na karai, majani, na mafuta ya karafuu, nikandwe maji ya moto, ukandaji ule wa mzazi, kwamba kiuno ni kiuno. Shangazi mkubwa hakubishiwa tangu alipozaliwa. Mtaalamu alimkuta, akamsalimia vizuri, akamwambia: "Bibi, hapo ndani pameshonwa, ukipakanda unapafumua. Nikandie miguu yote miwili, ya chini ya goti, kwa mkono mwepesi." Shangazi akapata kazi, mimi nikapata amani, na kidonda hakikuguswa. Hilo halimo kwenye mitaala ya KCMC, nina hakika.

Shemeji yangu naye alikuja na hoja yake: mazoezi yatairudisha diski nje. Binti akamwonyesha kwenye simu mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, ya mwaka 2014, yaliyokusanya majaribio ya watu waliopasuliwa diski ya kiuno. Walioanza mazoezi yenye mpango kati ya wiki ya nne na ya sita walipata nafuu ya maumivu na ya shughuli haraka kuliko wasiofanya kitu, na haikuonekana kwamba walirudishwa chumba cha upasuaji zaidi ya wenzao. Akaongeza mwenyewe kwamba ubora wa ushahidi huo waandishi wenyewe waliuita mdogo. Nilimpenda kwa hilo. Muuzaji wa kawaida angeishia nusu ya kwanza.

Cherehani sasa. Karibu wiki ya sita aliniruhusu kuikaribia, kwa ujanja ambao sikuutegemea: tulivua mkanda wa ngozi kwenye gurudumu, nikawa nakanyaga kitupu. Bila kitambaa, bila kuinama kutazama sindano, miguu tu. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Akasema angetafuta mashine nzuri zaidi ya unyayo wangu asingeipata. Dakika chache, nasimama, natembea hadi mlangoni, narudi. Stuli yangu isiyo na egemeo ilitupwa nje, nikaletewa kiti cha mezani chenye mgongo na mto juu yake. Pasi ya mkaa alikataa nisiiguse, na ndoo ya maji hata ya lita 5. Kukata vitambaa nikaendelea nimesimama, mguu mmoja juu ya kigoda, kubadilishana. Mshono wangu wa kwanza baada ya upasuaji ulikuwa pindo la pazia, umepinda, nikalifumua.

Swala nilikuwa naswali kwenye kiti, na hilo halina mjadala, mgonjwa ana ruhusa. Nalitaja kwa sababu kuna mama mmoja aliniambia anajilazimisha kusujudu akiwa na nyuzi. Mwulize shekhe wako, atakwambia ukae.

Vifaa vilivyobaki kwa haraka. Fremu ya kutembelea, ile ya bati jepesi ya kukunja, nilinunuliwa Kariakoo kwa 75,000, imetumika wiki tatu hivi ikaenda uvunguni. Azima kama unaweza, mtaani haikosi nyumba iliyokuwa na mgonjwa. Angalia mpira wa chini ya miguu haujalika, na urefu wake: ukisimama wima mikono ikining'inia, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Mkanda wa kiuno wenye vyuma, 45,000, nao uvunguni. Daktari alisema ni wa safari tu, nami nilitaka kuuvaa mchana kutwa kwa kuwa unanifanya nijihisi nimeshikwa. Mtaalamu akanivua, akasema misuli ya tumbo ndiyo mkanda wenyewe na ikistareheshwa italala. Joto la Tanga likamaliza ubishi. Godoro sikubadilisha. Mto mmoja chini ya magoti nikilala chali, au katikati ya magoti nikilala ubavu, ulitosha.

Nyota niliyoizuia. Kwanza muda. Akisema saa kumi ni kumi na moja na robo, na mvua ikinyesha haji na hasemi. Mgonjwa anayesubiri hali, haogi, hasinzii. Pili, haachi maandishi. Kila kitu kwa mdomo, na mimi nikiwa na vidonge kichwani nasahau nusu. Niliishia kumrekodi mjukuu wangu akifanya yale mazoezi huku binti anaelekeza, na video zile ndizo zilizonisaidia zaidi, lakini wazo lilikuwa la mjukuu. Tatu, stakabadhi hatoi, kwa hiyo ukitaka kudai popote huna karatasi. Nne, na hili nimemwambia usoni: alikuja mara nyingi kupita haja mwezi wa pili. Kwa wakati ule kazi yake ilikuwa kuniangalia nikifanya ninayoyajua. Angesema nitakuja kila baada ya wiki mbili tupime unyayo, ningelipa kwa moyo mweupe.

Jambo moja alilolifanya bila kukosa, kila alipokuja, hata akichelewa: kuuliza maswali yaleyale kabla ya kuanza. Homa ipo? Kidonda kinatoa maji, au kimekuwa chekundu na cha moto? Shavu la mguu mmoja limevimba linauma? Ganzi imeingia sehemu za siri, pale unapokalia tandiko la baiskeli? Mkojo unakataa kutoka au unajitokea, au haja kubwa inakushinda kuizuia? Mguu umekuwa dhaifu kuliko jana? Alinibandikia kichwani kwamba jibu la ndiyo kwenye lolote kati ya hayo siyo la kumpigia yeye, ni la hospitali siku hiyohiyo, na ya mkojo na ganzi ile ni ya saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Ukimpata mtaalamu asiyeuliza haya, uliza kwa nini.

Mguu wangu leo: unyayo unapanda, haujafika sawa na mwenzake, na jioni ukichoka unaanza kuburuta nikavaa lastiki yangu. Kidole gumba bado kina ganzi. Nashona nusu ya nilichokuwa nashona, wateja wa sare nimewapunguza, wa madera nimebaki nao kwa sababu dera halina haraka.

Kama mguu wako una nguvu, ni maumivu tu ya kidonda, na nyumbani una mtu mwenye akili, mwite mtaalamu aje mara chache za mwanzo, umwonyeshe choo, kitanda na jiko, umrekodi, umlipe, umuage vizuri. Hela inayobaki mpe seremala. Kama mguu umelala, mpange wa muda mrefu na mpatane bei ya jumla kabla, maana bei ya mara mojamoja itakumaliza. Mimi tulipatana baadaye 22,000, na angekubali tangu mwanzo kama ningemwomba.